Kitambaa cha Binti wa Jirani Yetu



Hapa kwetu Ibanda nyumba zinakaribiana. Mama akikaanga sambaza, jirani ajua kabla hazijaiva. Mtoto akikohoa usiku, mlango wa pili wasikia. Upande wa kushoto wa nyumba yetu akaa mama mmoja Mwislamu, mjane, ambaye wazazi wake walitoka Kasongo katika Maniema. Jina lake hatulitaji. Lakini habari hii ametupa ruhusa kuisimulia, tena alisema: “Isimulie, Mwalimu, labda itamfaa mtu.”

Sisi tunaowaandikia ni katekista wa parokia. Tulikaa seminarini miaka kadhaa, kisha ikaonekana kwamba Mungu hatuiti kwenye upadri. Tulitoka kwa amani, tukafundisha dini shuleni, tukaoa, na sasa twawafundisha wakatekumeni. Twayasema haya si kwa kujisifu. Twayasema ili mjue mapema kwamba mkosaji wa habari hii ni mtu aliyefundishwa.

Tulihamia mtaa huu mwaka 2019. Tangu siku ya kwanza mama yule alitupokea kama ndugu. Siku ya Idi hutuletea sahani ya pilau iliyofunikwa vizuri, nasi siku ya Noeli humpelekea mandazi na matunda, maana twajua kwamba hali nyama isiyochinjwa kwa desturi ya dini yake. Februari 2025, vita ilipofika mjini na risasi zikalia mitaani, watoto wetu watatu walilala kwake, kwa sababu nyumba yetu ni ya mbao na yake ni ya matofali. Sisi tulibaki kuilinda nyumba, kwa hofu ya waporaji. Mama aliwatandikia mkeka katika chumba cha katikati, mbali na madirisha, akakaa macho karibu nao mpaka kulipokucha. Upande huu sisi tulisali rozari, na upande ule yeye alivuta tasbihi yake. Mungu mmoja alitusikia sote, kwa kuwa asubuhi hakuna aliyepotea.

Basi, Jumapili moja ya mwezi wa Agosti, baada ya Misa ya kwanza, mama huyo alibisha hodi, simu mkononi. Tulimkaribisha, tukampa kiti. Alikaa kimya kidogo, kisha akasema:

“Mwalimu, binti yangu wa Bruxelles amenitumia sauti nyingi. Nyingine ni zangu. Ya mwisho ni yako.”

Binti huyo ndiye kifungua mimba wake. Aliolewa na kijana wa Maniema aliyekuwa amekwisha kukaa Ubelgiji, akamfuata huko mwaka 2016. Sasa ana mtoto wa kike mwenye miaka 7. Kila mwezi hutuma fedha kidogo, na kwa fedha hizo wadogo zake wasoma. Nasi, kama watu wengi wa mjini hapa, tulidhani kwamba aliyefika Ulaya amefika mahali pa raha. Lakini wahenga walisema: kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Tulisikiliza sauti zile moja baada ya nyingine, karibu saa nzima, na mama watoto aliacha jiko lake akaja kusikiliza nasi.

Binti alieleza habari za siku zake bila kulalamika. Huamka saa kumi ya alfajiri, huswali, kisha hupanda tramu ya kwanza kwenda kusafisha ofisi kabla wenye ofisi hawajafika. Alisema: “Mama, kwa ufagio hakuna anayeniuliza habari za kichwa changu. Waliniona na kitambaa, wakanipa funguo za nyumba yote. Lakini nilipoomba kazi ya kukaa mlangoni na kupokea wageni, waliniambia kwanza nivue. Wakati wa usiku kitambaa changu hakina neno. Wakati wa mchana kina neno.”

Alieleza pia kwamba alijifunza kazi ya kuwatunza wazee. Darasani alipita vizuri. Siku ya kwenda kufanya mazoezi katika nyumba ya wazee, mkubwa wa mahali pale alimwonyesha kanuni iliyoandikwa: hakuna alama ya dini mwilini mwa mfanyakazi. Basi kila asubuhi alivua kitambaa katika chumba cha kubadilishia nguo, akakiweka katika sanduku la chuma, na jioni akakivaa tena. Siku moja bibi mzee Mbelgiji, aliyemwona njiani akiwa amejifunika, alimwuliza: “Kitambaa chako kizuri kiko wapi?” Alipoelezwa sababu, bibi alicheka kwa huzuni. Alisema kwamba yeye naye katika ujana wake hakuthubutu kuingia kanisani kichwa wazi.

Wasomaji, bibi huyo alisema kweli. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1917 iliwataka wanawake wafunike kichwa kanisani. Katika Sheria mpya ya mwaka 1983 neno hilo halimo tena. Lakini tazameni mama zetu siku ya Jumapili wakipanda kwenda katedrali ya Bikira Maria wa Amani: ni wangapi wanaofunga kitambaa vizuri kabla ya kuvuka mlango? Na masista wetu je? Hakuna mtu Bukavu anayemwuliza sista kwa nini amefunika kichwa.

Tena binti alieleza habari ya hofu. Tarehe 22 Machi 2016 watu waovu walilipua mabomu katika uwanja wa ndege wa Bruxelles na katika treni ya chini ya ardhi, wakaua watu zaidi ya 30. Walitaja jina la Uislamu. Binti alifika miezi michache baadaye, hajui hata njia ya kwenda sokoni, akakuta macho ya watu yamekwisha kumhukumu. Akikaa katika tramu, aliye karibu naye huvuta mfuko wake. Siku moja mwanamume alimtukana mbele ya watu wengi. Wote walitazama dirishani. Alisema: “Tusi sikulielewa vizuri, kwani Kifaransa changu kilikuwa bado cha shule. Niliyoelewa ni yale madirisha.”

Mfungo wake wa kwanza huko uliangukia mwezi wa Juni. Hapa kwetu jua latoka na kuzama karibu saa zile zile mwaka mzima, na mtu anayefunga ajua kwamba saa kumi na mbili jioni imekaribia. Huko Ubelgiji, mwezi wa Juni, jua lazama karibu saa nne ya usiku. Alifunga kwa muda wa saa kumi na nane hivi, akifanya kazi, peke yake, bila sauti ya muadhini, bila jirani wa kumletea uji. Alisema kwamba jioni alikaa jikoni akitazama saa ukutani na kulia, si kwa njaa, bali kwa kukumbuka sahani zinazopita juu ya ukuta wa Ibanda.

Hata hivyo hakuona mabaya tu. Wako Wazungu waliomsaidia kujaza karatasi zake. Daktari mwanamke alikubali kumpokea alipokuwa na mimba, kwa kuwa aliona haya kutazamwa na mwanamume. Hospitali ni safi, mtoto wake asoma bila kulipa ada, na usiku hakuna risasi. Alisema wazi kwamba hatarudi kuishi hapa. Twayaandika haya yote, maana si haki kusimulia machozi ya mtu na kuficha shukrani yake.

Kisha ikaja sauti ya mwisho. Mama alibonyeza, akaweka simu mezani, akatazama chini.

“Mwalimu, salamu. Ni mimi, yule wa darasa la tatu la sekondari. Mama aliniambia zamani kwamba umekuwa jirani yetu, nikanyamaza. Sikukasirika. Huku watu huniambia: pole, utazoea. Mimi huwajibu kwamba nimezoea, nilianza kuzoea kwenu. Lakini sasa nina shida. Binti yangu alinifuata kazini siku moja, akaniona nikivua kitambaa. Ameniuliza: mama, kwa nini unakivua ukifika hapa? Sikuwa na jibu. Wewe ulijua sababu siku ile. Niambie, nimjibu nini?”

Wapenzi, tulihisi damu ikitukimbia. Maana tulikumbuka.

Ilikuwa Septemba 2012. Tulikuwa na miaka 24, tumetoka seminarini juzi tu, tunafundisha dini katika shule moja ya mjini. Siku ya kwanza ya masomo tuliwekwa langoni kuangalia mavazi ya wanafunzi: shati jeupe, sketi ya bluu, viatu vilivyofungwa, nywele zilizosukwa. Akaja msichana mmoja amejifunika kitambaa cheupe, safi kabisa, cheupe kama shati lake. Tulimsimamisha. Tulimwambia mbele ya wenzake: “Shule ni shule, msikiti ni msikiti. Vua, au rudi nyumbani.” Alitutazama. Kisha alikivua, akakikunja mara nne, akakitia katika mfuko wa madaftari. Nywele zake hazikuwa zimesukwa, kwa sababu hakutegemea kuonekana. Wenzake walicheka. Sisi hatukuwakemea. Tuliingia darasani tukaanza somo.

Mwaka mmoja kabla ya hapo tulikuwa tumefanya mtihani juu ya tamko la Mtaguso wa Pili wa Vatikano liitwalo Nostra Aetate, lililotolewa tarehe 28 Oktoba 1965. Tamko hilo lafundisha kwamba Kanisa lawatazama Waislamu kwa heshima, kwa kuwa wamwabudu Mungu mmoja, wamheshimu Yesu kama nabii, na wamheshimu Maria mama yake. Katika mtihani wa karatasi tulipata alama nzuri. Ule wa langoni tuliushindwa, na hatukujua kwamba ulikuwa mtihani.

Tulimgeukia mama. Tulimwuliza: “Mama, ulijua kwamba ni sisi?”

Akajibu: “Nilikujua siku ile mlipohamia, mlipokuwa mnashusha vitanda. Juma lile la shule nilikuja kukuomba umruhusu mtoto, na wewe ulinijibu ukiwa umesimama, kitabu mkononi. Hukunikumbuka. Sisi wamama tuliojifunika, kwenu tunafanana.”

“Na Februari ukawapokea watoto wetu?”

“Watoto wamekosa nini, Mwalimu?”

Hatukuweza kusema neno. Mama watoto alilia.

Tangu siku ile tumelifikiri sana jambo hili, na tumetafuta habari zake, ili tusijibu kwa machozi tu. Yafaa nanyi mzijue.

Kwanza, lango lile halikuanza na sisi. Wakati wa ukoloni, serikali ya Wabelgiji iliwaachia misioni kazi ya kuwafundisha watoto wa Kikongo. Ni mwaka 1954 tu ilipoanza kuwafungulia shule zake zisizo za dini. Kwa hiyo mzazi Mwislamu wa Kasongo aliyetaka mtoto wake ajue kusoma na kuandika Kifaransa alikuwa na njia mbili: kumtia katika shule ya misioni, akiogopa kwamba atarudi na dini nyingine, au kumweka nyumbani na kumpeleka chuoni kusoma Korani peke yake. Wengi walichagua njia ya pili, na kwa sababu hiyo walibaki nyuma katika kazi za ofisi. Baba wa mama huyu alikuwa mmoja wao. Mama mwenyewe hasomi Kifaransa, naye alikuwa ameapa kwamba binti yake atasoma. Ndiyo sababu siku ile binti hakurudi nyumbani. Alikivua kitambaa kwa sababu ya kiapo cha mama yake.

Pili, huko Ulaya jambo hili limefika mbele ya mabunge na mabaraza. Ufaransa, kwa sheria ya tarehe 15 Machi 2004, ilikataza katika shule za serikali alama za dini zinazoonekana wazi. Ubelgiji, kwa sheria ya mwaka 2011, ilikataza kufunika uso mzima barabarani. Kitambaa cha kichwa peke yake hakikukatazwa barabarani, lakini kazini na shuleni kila mahali pana kanuni yake. Mwanamke mmoja wa Ubelgiji, Samira Achbita, alikuwa akipokea wageni kwa ajili ya kampuni moja ya ulinzi. Mwaka 2006 alifukuzwa kazini kwa kuvaa kitambaa. Shauri lake lilipanda mpaka Mahakama ya Umoja wa Ulaya huko Luxembourg, na tarehe 14 Machi 2017 mahakama hiyo ilisema kwamba kampuni yaweza kukataza alama za dini, mradi izikataze zote kwa watu wote. Lakini Mei 2021 mahakama ya kazi ya Bruxelles iliipa makosa kampuni ya mabasi na tramu ya mji huo kwa kumnyima kazi mwanamke aliyejifunika. Ninyi mwaona: hata waamuzi hawajakubaliana.

Wazungu wana sababu zao, na si vizuri kuzidharau. Zamani waliuana kwa ajili ya dini, wakristu kwa wakristu, miaka mingi. Ndipo walipoona kwamba serikali lazima isimame katikati, isiegemee upande wowote, na kwamba mtu anayekuja dirishani kuomba karatasi asiogope dini ya yule anayempokea. Fikira hiyo ni njema. Lakini mzigo wa kanuni moja hauwi mzito sawa kwa watu wote. Yule ambaye dini yake haimwagizi vazi hapotezi kitu akiisoma. Yule aliyejifunika tangu utoto avuliwa sehemu ya heshima yake.

Na wakristu wasidhani kwamba jambo hili ni la Waislamu tu. Nadia Eweida, mkristu wa Uingereza, alikuwa akiwapokea abiria wa British Airways. Mwaka 2006 alirudishwa nyumbani kwa sababu msalaba mdogo wa shingoni ulionekana juu ya nguo zake. Alishindwa katika mahakama za kwao, akaenda mpaka Strasbourg, na Januari 2013 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya ikampa haki. Hapo ndipo twaelewa: anayefunga mlango kwa kitambaa cha jirani, ameufunga pia kwa msalaba wa mtoto wake. Marehemu Baba Mtakatifu Fransisko alilisema jambo hili waziwazi Mei 2016, alipoulizwa na gazeti la Ufaransa La Croix: mwanamke Mwislamu akitaka kuvaa kitambaa, lazima aweze, na Mkatoliki akitaka kuvaa msalaba, vilevile.

Tatu, haki yatudai tuseme na upande mwingine. Wako wanawake wanaofunikwa kwa nguvu. Septemba 2022, huko Tehran katika Irani, msichana Mahsa Amini alikamatwa na polisi kwa kosa la kutojifunika sawasawa, akafa akiwa mikononi mwao, na wanawake wengi wa nchi ile wakatoka barabarani wakichoma vitambaa vyao. Binti wa jirani yetu alilijua jambo hilo. Alisema kwamba hata Bruxelles wako wasichana wanaoogopa kaka zao, nao hukivaa kitambaa mlangoni mwa nyumba kama yeye anavyokivua mlangoni mwa kazi. “Sisi sote wawili,” alisema, “kuna mwanamume aliyesimama mlangoni.”

Neno hilo lilituchoma kuliko yote, maana mwanamume wa mlangoni tulikuwa sisi. Twaona sasa kwamba anayelazimisha kuvaa na anayelazimisha kuvua wana kosa moja: wote wawili wamfanya mwanamke kuwa ukuta wa kubandikia matangazo yao. Hata sifa zaweza kuwa namna ya kuvuliwa. Halima Aden, binti wa Kisomali aliyezaliwa mwaka 1997 katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, Kenya, alihamia Marekani, akawa maarufu ulimwenguni kwa kuonyesha mavazi ya fasheni akiwa amejifunika. Watu walimshangilia. Lakini Novemba 2020 aliiacha kazi hiyo, akisema kwamba ilimpotosha katika sala zake na katika kujifunika kwake. Mwingine wa Kisomali, Ilhan Omar, aliyekuwa mkimbizi nchini Kenya kwa miaka minne, alichaguliwa kuingia Bunge la Marekani mwaka 2018. Kanuni ya mwaka 1837 ilikataza kufunika kichwa ndani ya ukumbi. Januari 2019 kanuni ile ilirekebishwa, naye akaingia na kitambaa chake. Basi kanuni yaweza kubadilika, watu wakitaka.

Nne, na hapa twasema kwa uzito, sisi wakristu wa Kongo tuna majeraha. Julai 2025, huko Komanda katika Ituri, waasi wa ADF waliwaingilia wakristu waliokuwa katika mkesha kanisani, wakaua watu zaidi ya 40. Kundi hilo lajitaja kwa jina la Uislamu. Juma lile tulisikia maneno mabaya sokoni Nyawera, na mama yule alikaa siku nne bila kutoka. Lakini je, twasahau kwamba Mei 2021, katika mji wa Beni, imamu aliyekuwa akiwakemea waasi aliuawa kwa risasi msikitini, akiwa katika sala? Muuaji hana parokia wala msikiti. Tukimtazama jirani kwa macho ya tramu ile ya Bruxelles, tutawezaje kulalamika kwamba Wazungu huwatazama vibaya watoto wetu walioko kwao?

Turudi kwa swali la binti. Tulikaa siku tatu tukisali kabla ya kujibu. Mwishoni tulichukua simu, tukasema hivi, kwa maneno machache:

“Binti yetu, tumesikia. Siku ile hatukuwa na sababu. Tulikuwa na kanuni tu, na tulikuwa vijana, tukapenda kutiiwa. Tulikuaibisha mbele ya wenzako, tukamjibu mama yako kwa dharau. Twakuomba msamaha. Mwambie mtoto hivi: mama anavua kwa sababu ya chakula chako, si kwa sababu kitambaa ni kibaya. Na umwambie kwamba mwalimu wa kwanza aliyemwamuru mama kukivua amekiri kwamba alikosa.”

Siku mbili zilipita bila jibu. Siku ya tatu, mama alikuja tena na simu yake. Sauti ilikuwa fupi: “Mwalimu, nimemwambia. Ameuliza kama walimu hukosa. Nimemjibu kwamba wengine hukosa, wengine hukiri.” Kisha tulisikia mtoto akicheka mbali, na sauti ikakatika. Kama ametusamehe kabisa, hakusema. Nasi hatukumwuliza, kwani msamaha haudaiwi kama deni.

Tulikwenda pia katika shule ile. Tuliwaomba wakubwa wake kwamba wasichana Waislamu waruhusiwe kuvaa kitambaa cha rangi ya shati la shule. Walitupokea vizuri, wakatusikiliza mpaka mwisho, wakasema kwamba watalifikiri. Mpaka leo tunapoandika, kanuni ni ile ile. Tutarudi.

Sasa, wapenzi, twasema neno moja kwenu, na hasa kwa viongozi wa mashirika ya mitaa. Mara nyingi katika mikutano ya shirika twawaombea watoto wetu waliokwenda Ulaya na Marekani, ili Mungu awape kazi, na wenyeji wawapokee vizuri. Sala hiyo ni njema. Lakini Bwana wetu alituonya kwamba siku ya mwisho atatuuliza juu ya mgeni, naye hakusema kwamba atauliza juu ya mgeni aliyeko mbali tu. Kabla ya kuomba mlango ufunguliwe huko Bruxelles, tuangalie lango la shule yetu, kiti cha basi letu, meza yetu ya sokoni. Mama Mwislamu akija kununua, asisubirishwe. Binti wake akiomba kazi, aulizwe ajua kazi gani. Watoto wakimcheka mwenzao kwa vazi lake, mkubwa aliye karibu asitazame dirishani.

Na tumkumbuke Bikira Maria. Waislamu wamwita Maryamu, na Korani ina sura nzima yenye jina lake. Katika picha zote za makanisa yetu amejifunika kichwa. Yeye naye aliwahi kuwa mgeni katika nchi ya Misri, na mtoto mgongoni, kati ya watu wasiojua lugha yake. Tangu Jumapili ile, tukiitazama sanamu yake katika grota ya parokia, twaona kitambaa cheupe kilichokunjwa mara nne. Twamwomba atuombee, ili siku nyingine tukisimama langoni tujue ni nani anayekuja.

Mungu awabariki.